Dakika hazihesabiwi kama shilingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaoishi kwa kuhariri video za harusi, hitima na mikutano, hasa wale wenye vijana wanaojifunza kazi mikononi mwao. Mimi ni mama mwenye studio ya chumba kimoja hapa Ujiji, Kigoma, na huu ni mwaka wa 21. Ombi langu ni kwamba kijana asikabidhiwe kompyuta ya kuhariri mpaka aweze kujumlisha na kutoa taimukodi, yaani namba za muda za kila picha ya video, kwa kalamu na karatasi, bila kikokotoo.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Mwaka jana, mwezi wa Shawwali, msimu ambao Ujiji haina Jumamosi isiyo na shughuli, tulirekodi sendofu ya binti mmoja wa mtaa wa pili. Mama yake aliomba kipaza sauti, akasimama kumuusia mwanawe. Alisema taratibu, akichanganya Kiha na Kiswahili, na ukumbi mzima ukanyamaza. Katikati ya maneno yake betri ya kamera ya kwanza ikaisha. Kamera ya pili ikaendelea palepale. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu: kipande cha kwanza dakika 2 na sekunde 55, kipande cha pili dakika 3 na sekunde 50.

Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi ndiye aliyekuwa akipanga video. Familia ilitaka ngoma ya kumtoa bibi harusi ifuate mara tu baada ya wosia wa mama, na vipande vya ngoma vilikuwa tayari, kwa hiyo aliona avipange kwanza huku ameacha nafasi ya mama. Wosia ulikuwa uanzie dakika ya 31 na sekunde 10. Akachukua simu, akafungua kikokotoo, akaandika 2.55 jumlisha 3.50. Kikampa 6.05. Akaacha nafasi ya dakika 6 na sekunde 5, akaiweka ngoma kwenye 37:15. Alipokuja kuingiza maneno ya mama, programu ikaijaza ile nafasi iliyoikuta, na mkia uliobaki ikaukata bila kusema lolote. Jibu lilikuwa 6:45. Ngoma ilipaswa kuanzia 37:55. Zikapotea sekunde 40, na ndani ya hizo sekunde 40 ndimo ilimokuwa dua ya mama.

Sikukagua. Umeme ulikatika mara mbili jioni ile, nilikuwa nawahi Jumamosi nyingine, nikatazama mwanzo wa kila kipande na kuuacha mwisho. Tukakabidhi flashi, tukalipwa, kadi za kamera zikafutwa kwa ajili ya harusi iliyofuata. Lawama ni yangu. Mimi ndiye mwenye studio, na mimi ndiye niliyempa kijana kompyuta kabla sijamwona akipiga hesabu.

Miezi saba baadaye mama yule akafariki. Arobaini ilipopita, binti akaja studio. Akaniamkia, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema: "Mama, nimeiangalia ile video mara nyingi sana. Anafika pale anapoinua mikono, halafu ngoma inaingia. Dua yake haimo?" Nilitoa daftari la mwaka jana, nikajumlisha mbele yake kwa kalamu. Nilipofika kwenye 45 mkono ulinitetemeka, kwa sababu nilijua pale pale tulichofanya.

Kikokotoo hakikukosea. Kilijumlisha kama tunavyojumlisha pesa. Senti 55 na senti 50 ni senti 105, unabeba shilingi moja, zinabaki senti 5. Sekunde 55 na sekunde 50 nazo ni 105, lakini ukibeba dakika moja umebeba 60, si 100, na zinazobaki ni 45. Tofauti kati ya 100 na 60 ni 40, na ndiyo maana kosa hili karibu siku zote huja na sura ileile. Ukikuta kazi yako imepungua sekunde 40 kamili, au imezidi sekunde 40 kamili, usihangaike na mashine. Rudi kwenye karatasi ukamtafute aliyeandika nukta mahali pa nukta mbili.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiiita sekunde "nukta". Dakika na nukta, ndivyo wazee walivyosema. Sasa nukta imehamia kwenye desimali, na kijana akiiona 6.05 anaisoma dakika sita na sekunde tano bila kusita. Kwa hiyo studioni kwangu nimepiga marufuku: muda hauandikwi kwa nukta moja. Unaandikwa kwa nukta mbili, na kila kituo kinajazwa tarakimu mbili hata kama ni sifuri. 00:06:45:00. Saa, dakika, sekunde, fremu. Hata mteja anayenitumia orodha ya vipande kwa simu namwomba aandike hivyo, na wengi wameshazoea.

Fremu, yaani picha moja moja inayounda video, ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoanza. Sekunde moja ya video kwa mfumo tunaoutumia hapa ina picha 25. Nchi nyingi zenye umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, yetu ikiwemo, zilijenga televisheni zao juu ya nusu ya idadi hiyo. Kwa hiyo kwenye taimukodi moja mna vipimo vitatu vya kubeba: fremu zikifika 25 zinakuwa sekunde, sekunde zikifika 60 zinakuwa dakika, dakika zikifika 60 zinakuwa saa. Hakuna mahali hata pamoja panapobebwa kwa 10 au 100. Lile 60 ni la kale mno, limetoka kwa watu wa Babeli. Lile 25 ni la juzi tu. Yamekutana kwenye mstari mmoja na mhariri anatakiwa ayajue yote.

Niweke hesabu moja ya kutoa, maana kutoa ndiko kunakotushinda. Kipande kinaanza 00:47:38:12 na kinaishia 00:52:10:05. Kina urefu gani? Anza kulia. Fremu 5 toa 12 haiwezekani, kwa hiyo kopa sekunde moja. Inakuja na fremu 25, unakuwa na 30, toa 12, zinabaki 18. Sekunde zilikuwa 10, umekopa moja, zimebaki 9. Tisa toa 38 haiwezekani, kopa dakika moja. Inakuja na sekunde 60, unakuwa na 69, toa 38, zinabaki 31. Dakika zilikuwa 52, sasa ni 51, toa 47, ni 4. Jibu ni 00:04:31:18.

Ukitaka kuhakikisha, geuza kila kitu kuwa fremu. Dakika 52 na sekunde 10 ni sekunde 3,130. Zidisha kwa 25, ongeza zile 5, unapata fremu 78,255. Dakika 47 na sekunde 38 ni sekunde 2,858. Zidisha kwa 25, ongeza 12, unapata 71,462. Toa, zinabaki 6,793. Na dakika 4, sekunde 31, fremu 18 ukizigeuza zinakuja 6,793 hizohizo. Njia mbili zikikutana mahali pamoja, lala usingizi.

Haya alinifundisha kaka yangu, Mungu amrehemu, kwenye daftari la mirabaraba la shule ya msingi. Enzi hizo tulihariri kutoka mkanda hadi mkanda, mashine mbili zimeunganishwa kwa waya. Ukikosea fremu kumi katikati ya kazi, kila kilichofuata unakirekodi upya. Hukuwa na namna ya kusogeza kipande kwa kidole kama leo. Basi alinikalisha wiki mbili sijagusa kitufe, ninajumlisha na kutoa tu, na nilikuwa nalia kwa hasira kwa sababu nilidhani ananificha kazi. Baadaye tulipopata kamera za mikanda midogo ya dakika 60 nikamwelewa. Ukisimamisha kamera hizo, ukarudisha mkanda kutazama ulichopiga, kisha ukaendelea kurekodi ukiwa umepita kidogo mwisho wa picha, taimukodi ilianza upya kutoka 00:00:00:00. Mkanda mmoja ukawa na dakika ya 3 mara mbili. Asiyejua hesabu alikata harusi ya watu mahali ambapo si penyewe. Kaka alikuwa akiacha kamera irekodi sekunde kadhaa za ziada kila anapomaliza tukio, ili akirudi aanzie juu ya picha iliyopo na namba zisikatike.

Kuna jambo dogo ambalo hata wazoefu hubishana juu yake, nalo ni kama fremu ya mwisho inahesabiwa. Mimi hulieleza hivi. Mgeni amefika kwako Jumatatu, ameondoka Ijumaa. Amelala nyumbani kwako siku nne, lakini umempikia siku tano. Kipande kinachoanza 10:00:05:00, na picha yake ya mwisho unayoitaka ni 10:00:09:24, ukitoa unapata sekunde 4 na fremu 24. Lakini picha zenyewe ukizihesabu moja moja ni 125, yaani sekunde 5 kamili. Kwa hiyo uliza kwanza: alama ya kutoka ni picha ya mwisho unayoibakiza, au ni ya kwanza unayoiacha? Kama unaibakiza, ongeza moja. Fremu moja ni kitu kidogo, lakini vipande 80 vya harusi vikikosa fremu moja kila kimoja, zimekwenda sekunde 3 na fremu 5, na wimbo ulioupanga chini ya picha hauendi tena na hatua za wachezaji.

Halafu zimekuja simu. Siku hizi nusu ya picha ninazoletewa zimepigwa na wageni kwa simu, na simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, tena si 30 thabiti, zinapanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika. Fremu 12 za kamera yangu ni karibu nusu sekunde. Fremu 12 za simu hazifiki hapo. Usijumlishe fremu za huku na za kule kama vile ni dagaa wa kisado kimoja. Geuza kwanza kuwa sekunde, kisha zirudishe kwenye kipimo cha kazi yako.

Na anayenunua kamera iliyotumika kutoka nje aangalie alama iliyo kabla ya fremu. Akiona nukta-mkato mahali pa nukta mbili, ajue amekutana na hesabu ya Kimarekani. Wamarekani walipoingiza rangi kwenye televisheni yao mwaka 1953, fremu zao 30 za kila sekunde zilipunguzwa zikawa 29.97. Ukiendelea kuhesabu kwa 30, kila saa moja inapotimia taimukodi inakuwa nyuma ya saa ya ukutani kwa sekunde 3.6. Ili kuziba pengo hilo, wanaruka namba mbili kila dakika inapoanza, isipokuwa dakika ya 0, ya 10, ya 20 na kuendelea. Ndani ya saa zinarukwa namba 108. Picha haitupwi hata moja. Ni namba tu zinazorukwa, kama kitabu cha risiti kilichochapwa bila namba fulani. Kwenye mfumo huo baada ya 00:00:59;29 inakuja 00:01:00;02, na hesabu yetu ya kukopa na kubeba haiendi moja kwa moja. Ushauri wangu ni kuiweka kamera kwenye 25 kabla ya kutoka nyumbani, yaishe.

Sisi wa Kigoma tuna hesabu nyingine juu ya hizo. Tukitumia kamera tatu ninaziwekea taimukodi ya saa ya siku, ili baadaye nizipange kwa muda uleule. Kuna siku kijana aliyetusaidia aliweka kamera yake 08:00 kwa sababu ilikuwa saa nane mchana. Hakukosea Kiswahili. Lakini kamera zangu mbili zilikuwa zinasema 14:00, na jioni ile nilijumlisha saa 6 kwenye kila kipande chake hadi usiku wa manane. Watu wetu wanafanya hesabu hiyo kila siku bila kujua wanahesabu: mchana unaongeza 6, usiku unaongeza 18, ikifika 24 au kuzidi unatoa 24. Mtu anayeweza kukusomea tiketi ya treni yenye saa za kizungu na kukwambia stesheni ufike saa ngapi ya Kiswahili, huyo anaweza taimukodi.

Tena tuko mpakani. Burundi wako nyuma yetu saa moja, na Kongo ya ng'ambo ya ziwa vilevile. Tukienda kupiga shughuli Kagunga, simu ikishika mtandao wa upande wa pili saa yake inarudi, na mafaili mawili ya tukio moja yanakuja na muda unaopishana saa nzima.

Saa hiyo moja ndiyo iliyonisaidia kwa yule binti. Nilimuuliza nani alikaa karibu na mama yake siku ile akiwa na simu mkononi. Akamtaja mama yake mdogo aliyetoka Bujumbura. Tukamwomba atutumie kila kilichobaki. Faili moja lilikuwa limeanza saa 15:23:58 na lilikuwa na sekunde 44. Simu yake siku ile ilikuwa bado na saa za kwao, kwa sababu laini yake haikushika mtandao huku. Nikaongeza saa moja: 16:23:58. Daftari langu lilisema kipande cha pili cha wosia kilianza 16:21:10, na kwa kuwa kilikuwa cha dakika 3 na sekunde 50, kiliisha 16:25:00. Sekunde 40 zilizokatwa zilikuwa kuanzia 16:24:20. Faili la simu lilifika hadi 16:24:42. Kwa hiyo ndani yake mlikuwa na sekunde 22 za dua, na zinaanza sekunde 22 tangu mwanzo wa faili, ambazo kwa fremu 30 ni fremu 660, si 550 kama ningehesabu kwa 25.

Nikasogeza hadi pale. Sauti ina kelele za sahani na mtoto analia, lakini mama anasikika. Sekunde 18 za mwisho hatukuzipata, na nimetafuta kwa kila mgeni aliyetajwa kwangu. Binti amebeba hizo 22 kwenye flashi.

Kwa hiyo nawaomba wenye studio, Kigoma na kwingine, mchukue wiki moja ya mwanzo ya kila mwanafunzi, mumpe daftari na kalamu. Nawaomba wakufunzi wa vyuo vya ufundi wanaofundisha video waweke hesabu hizi kwenye mtihani wa vitendo, zenye fremu ndani, kwa karatasi. Najua programu inaonyesha urefu wa kila kipande yenyewe. Inaonyesha kile ulichokiweka. Haijui ulichokusudia kuweka. Na walimu wa hisabati wa shule za msingi, zile hesabu za saa na dakika ambazo watoto huziona ngumu, tafadhali msizipitie haraka. Waambieni kuna watu wanakula kwazo.

Kadi za kamera nazo, tangu siku ile, hazifutwi studioni kwangu mpaka mwenye shughuli aangalie kazi yote mpaka mwisho na kuniandikia kwamba ameridhika. Nimenunua diski moja ya ziada kwa ajili hiyo. Imenigharimu, lakini ipo.

Kijana yule bado yuko nami, na sasa ndiye anayewapokea wageni wa kazi. Jumanne mchana hatuna shughuli, na kijana yeyote wa Ujiji au Mwanga hapa Kigoma anayetaka kujifunza aje na daftari la mirabaraba, halipi kitu. Hesabu ya kwanza anayowapa ni hii: 00:58:47:19 jumlisha 00:13:25:11, kwa fremu 25. Simu zinakaa mezani kwangu mpaka amalize. Akileta 01:12:13:05, anapewa ya kutoa.

Mhariri wa video,
Ujiji, Kigoma
(Jina kapuni, kwa heshima ya familia niliyoitaja)